Buti la mlimani hujaribiwa kwenye mteremko

Mugonile wasomaji wangu wa Mbeya na Rungwe, na ninyi wa Iringa na Njombe, kamwene. Mvua zinaelekea kukatika na barua zenu zimegeukia milimani. Mimi nina benchi la viatu Mwanjelwa mwaka wa 22 sasa, na Jumamosi nyingi nawasindikiza vijana Mlima Rungwe, Mlima Ngozi au uwanda wa Kitulo, kwa hiyo haya ya mabuti nayaona pande zote mbili: yanavyoondoka na yanavyorudi.

*

Shikamoo fundi. Mwezi uliopita nilinunua mabuti ya mtumba mnadani kwa shilingi 65,000. Ngozi nzito, rangi ya kahawia, yalionekana hayajavaliwa hata mara tatu. Tukapanda nayo Rungwe na wenzangu wa chuo. Tulipofika kwenye mianzi soli ya mguu wa kulia ikaanza kubanduka, na kabla hatujatoka msituni ya kushoto nayo ikaachia yote. Nilirudi nimefunga viatu kwa kamba ya mzigo. Muuzaji anasema nimeyatumia vibaya. Ni kweli?
Mwanafunzi, Iyunga

Marahaba mwanangu. Hukuyatumia vibaya hata kidogo. Yalikuwa yameshakufa kabla hujayanunua, na inawezekana kabisa muuzaji naye hakujua.

Wiki jana kijana mmoja aliniwekea benchini jozi yenye ugonjwa huohuo. Ngozi safi, kamba mpya, meno ya soli yote yapo. Nikabonyeza kwa kidole gumba ule mkanda wa kijivu ulio kati ya ngozi na soli ya chini. Kidole kikazama. Nilipokitoa, kilitoka na chembechembe, mithili ya mkate uliosahaulika kabatini. Nikashika soli kwa vidole viwili tu, ikabanduka kutoka kisiginoni hadi mbele bila kisu. Yule kijana alikuwa asafiri keshoye asubuhi.

Kiatu cha mlimani kina tabaka tatu. Juu ngozi au kitambaa, chini mpira wenye meno, na katikati kuna sponji ngumu inayobeba uzito wako. Mabuti mengi mazito, sponji hiyo ni ya poliyurethani. Ni kitu kizuri sana kikiwa kipya, kinadunda na hakilali upesi. Ila unyevu wa hewani huingia ndani yake kidogokidogo na kukata ile minyororo ya kemikali inayoishikilia. Haihitaji kuvaliwa ili ife. Kwa kawaida huanza kuchoka kati ya miaka 5 na 10 tangu itoke kiwandani, na joto likichanganyika na unyevu huwahi zaidi.

Sasa fikiria safari ya buti la mtumba. Mtu wa Ulaya alilinunua, akalivaa mara mbili, akalifungia kabatini miaka minane. Likatolewa sadaka, likabanwa kwenye bando, likakaa ndani ya kontena kuvuka bahari, likafika Dar es Salaam kwenye joto lile, ndipo likapanda lori kuja kwetu. Kwa hiyo mimi nikiona buti la mtumba linalong'aa na soli haijalika, ndipo moyo unapoingia wasiwasi. Lililolika kidogo kisiginoni, lililokuwa likivaliwa kila wiki, mara nyingi lina afya kuliko hilo, kwa sababu kutembea kunaibana ile sponji na kuifukuzia unyevu nje.

Ukienda tena mnadani, fanya hivi mbele ya muuzaji, wala usione aibu. Funua ulimi wa kiatu usome kibandiko cha ndani. Kampuni nyingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Halafu bonyeza ile sponji kwa ukucha, mzunguko mzima, hasa kwenye mkunjo wa vidole na juu ya kisigino. Ikibaki na alama isiyorudi, au ukaona nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi, mrudishie. Mwisho likunje buti kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama unavyokamua nguo, na usikilize. Likitoa mlio wa kupasukapasuka, hilo si lako.

Na ukishanunua, hata kama limepita majaribio yote, litembeze mjini wiki mbili. Likufie Kabwe, usisubiri likufie kwenye mianzi ya Rungwe.

Ngozi ya mabuti yako usiitupe. Niletee, au mpelekee fundi yeyote mwenye subira. Kazi yenyewe ni kukwangua ile sponji yote mpaka ionekane ngozi safi, kupiga msasa, kupaka gundi mara mbili na kuiacha ikauke kila mara, kisha kuweka tabaka jipya la mpira na soli. Baada ya hapo mimi huzungusha mshono kwa msharasi na uzi wa nailoni, kwa sababu gundi peke yake siiamini kwenye matope yetu. Fundi akikuambia anakurudishia soli ileile kwa gundi pale unaposubiri, ondoka. Gundi itashika, lakini itakuwa imeshika unga.

*

Fundi wetu, salaam. Nina miaka 46 na tangu nasoma sekondari navaa namba 42. Nilinunua mabuti mapya dukani, namba hiyohiyo, yananikaa vizuri. Tuliposhuka Loleza kucha za vidole gumba vyote viwili zikawa nyeusi, na moja imeshatoka. Mwezi wa saba mimi na walimu wenzangu tunataka kutembea kutoka Kitulo hadi Matema. Kuna aliyenishauri niweke soli nene ya ndani ili mguu usicheze. Je, nifuate?
Mwalimu, Makete

Mwalimu wangu, hiyo soli nene usiiweke. Itakunyanyua mguu, vidole vitagusa ngozi ya juu, na kucha mpya itakapoanza kuota utaipoteza nayo.

Umesema mabuti yanakukaa vizuri. Yanakukaa vizuri ukiwa umesimama kwenye sakafu ya duka. Buti la mlimani hujaribiwa kwenye mteremko. Ukipanda, mguu unarudi nyuma kisiginoni, na karibu kila kiatu huonekana kizuri. Ukishuka, kila hatua mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ukuta. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Loleza ni mita 2,656. Hesabu hatua zilizopo katika tofauti hiyo, kila moja ikipiga nyundo ndogo kwenye ukucha uleule. Na huko unakotaka kwenda, mwalimu, ndiko kwenye mteremko wenyewe. Uwanda wa Kitulo upo mita 2,600 hivi. Fukwe za Ziwa Nyasa hazifiki mita 500. Mtashuka zaidi ya mita 2,000 kupitia milima ya Livingstone. Kwa mabuti hayo utafika Matema unatembelea visigino.

Kwanza, namba. Ile 42 ya sekondari iache sekondari. Mguu hulegea na kurefuka kadiri umri unavyosonga, na kila kiwanda kina 42 yake. Nimewahi kupanga jozi tatu za 42 benchini zikapishana upana wa kidole. Nenda dukani jioni, baada ya kusimama darasani siku nzima, maana mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Chukua soksi zilezile utakazovaa safarini. Vaa buti bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha muombe mtu aingize kidole chake cha shahada nyuma ya kisigino chako. Kiingie bila kusukumwa. Kisipoingia, panda nusu namba au namba nzima. Fanya hivyo miguu yote miwili, maana karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa, na ununue kwa kipimo cha huo mkubwa.

Halafu funga kamba, utafute mteremko. Duka likiwa na ngazi, shuka ngazi. Kama hakuna, pale nje kuna mtaro au ukingo wa barabara. Mimi benchini nimeweka ubao wa mninga, nimeuinamisha juu ya tofali mbili, na simuuzii mtu kiatu kabla hajasimama hapo akaangalia chini na kupiga mguu mara kumi. Vidole vikigusa mbele hata mara moja, kiatu hicho ni kifupi. Hata kama unakipenda. Hata kama bei imeshuka.

La pili ni kamba, na hili ndilo watu wengi hawajafundishwa. Ili mguu usiteleze mbele, unashikiliwa pale kwenye mkunjo, mguu unapokutana na kifundo. Funga kamba sehemu ya vidole kwa kulegeza, vidole vipumue. Ukifika kwenye mkunjo, kabla ya zile ndoano za juu, pitisha kamba moja juu ya nyingine, uizungushe mara mbili badala ya mara moja, kisha gonga kisigino chini kirudi nyuma na uvute kwa nguvu. Utaona kamba imejibana yenyewe, hata ukiiachia hairudi. Ndipo uendelee kwenye ndoano, pale juu kifundoni usikaze sana. Kila mkifika kileleni, kabla ya kuanza kushuka, wasimamishe walimu wote warudie fundo hilo. Ni dakika mbili.

Na kata kucha siku mbili kabla ya safari, moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Mabuti uliyonayo yape mdogo wako mwenye mguu wa 41.

*

Kaka, mume wangu ni mtu wa misitu, anarudi mabuti yameloa kila siku. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, hakikauki kitu. Anayaweka pembeni ya jiko la mkaa usiku ili asubuhi yawe makavu. Ni ya ngozi nzuri, sasa yamepasuka kwenye mkunjo wa vidole na yamekuwa magumu kama ubao. Yana dawa?
Mama wawili, Njombe

Dada yangu, barua yako imenirudisha mbali. Mabuti yangu ya kwanza ya kweli niliyapata nikiwa na miaka 23. Tulikuwa tumepiga kambi chini ya Rungwe, mvua imetunyeshea siku nzima, nikayapanga karibu na moto, ndimi zikiangalia nje, nikalala. Asubuhi nilipoingiza mguu, kilikuwa kama nimeingiza kwenye kopo. Nilipokanyaga hatua ya kwanza ngozi ilipasuka, nikaisikia. Nilishuka nayo hivyohivyo, na huzuni ile ninayo mpaka leo.

Ngozi ni ngozi, hata baada ya ng'ombe kuondoka. Ina mafuta ndani yanayofanya nyuzi zake ziteleze. Ikiloa kisha ikapata moto, maji yanatoka kwa kasi, mafuta yanapungua, nyuzi zinasinyaa na kushikana. Gundi ya soli nayo inalainika kwa joto. Kwa hiyo jiko linaua buti juu na chini kwa usiku mmoja.

Mwambie mzee afanye hivi akifika. Afungue kamba zote, avute ulimi nje, atoe ile soli ya ndani aianike peke yake. Matope ayatoe kwa brashi laini na maji ya kawaida, yakiachwa yakakauka hunyonya mafuta ya ngozi. Asitumie sabuni ya unga. Kisha chukua magazeti ya zamani, yakunje mafundo makubwa, yajaze mpaka kwenye vidole. Baada ya saa moja utakuta yameloa chapachapa. Yatoe, weka mengine. Badilisha tena kabla ya kulala. Mabuti yakae jikoni hukohuko, lakini upande wa pili wa chumba, juu ya kigoda, hewa ipite chini. Kipimo changu: weka mkono wako pale unapotaka kuyaweka. Ukisikia joto la wazi, ni karibu mno. Kwenye jua kali la mchana nako usiyaanike.

Asubuhi hayatakuwa makavu kabisa, yatakuwa na ubaridi kidogo ndani. Hilo linavumilika kwa soksi za sufu. Kama kipato kinaruhusu, kwa mtu anayeloa kila siku dawa ya kweli ni jozi mbili za kupokezana.

Kwa yaliyopasuka: ufa ukiwa wa juujuu, usafishe, upake nta ya nyuki siku tatu mfululizo, kidogokidogo, ngozi itarudi kiasi. Ufa ukiwa umepenya hadi ndani, fundi atashona kiraka cha ngozi kwa juu. Atakuwa na buti la shambani, la msituni halitarudi tena.

*

Fundi mugonile. Je, haya mabuti yenye utando usiopitisha maji, ya Gore-Tex na mengineyo, yananifaa mimi ninayeshinda kwenye chai na migomba masika yote?
Mkulima, Tukuyu

Ugonile ndugu yangu. Hapana. Wewe vaa gambuti. Utando ule unazuia maji ya nje na kuruhusu jasho kutoka kama mvuke, na kwa matembezi ya umande na mvua ya wastani unafanya kazi yake. Kwa mvua ya Tukuyu, maji yatakuingilia kwa juu, kupitia soksi na suruali, na yakishaingia utando uleule unayazuia kutoka. Buti la namna hiyo huchukua muda mrefu kukauka kuliko la ngozi tupu. Gambuti nunua inayoingia soksi nene, ukirudi ipindue midomo chini. Mabuti yako ya Jumapili ya kupanda Ngozi ndiyo uyape heshima ya utando, ukipenda.

*

Kamwene fundi. Nina buti za usalama za ujenzi, zenye chuma mbele, imara kabisa. Rafiki yangu anasema Udzungwa hazifai, lazima soli yenye ile alama ya njano. Tumebishana sana.
Kijana wa Kihesa, Iringa

Kamwene. Rafiki yako ana haki nusu. Chuma kile kimewekwa ili tofali lisikuvunje vidole. Mlimani hakuna anayekudondoshea tofali, lakini kila hatua unanyanyua uzito wake, kinabeba ubaridi, na mkunjo wa vidole unaishia pale chuma kinapoanzia, ndipo yanapotokea malengelenge. Kwa matembezi ya saa mbili vaa. Kwa siku nzima acha.

Hiyo alama ya njano yenye pembe nane ni ya Vibram. Jina limetokana na Vitale Bramani, mpanda milima wa Milano, Italia. Mwaka 1935 wenzake sita walikufa milimani kule Alps, na viatu walivyovaa vililaumiwa kwa sehemu. Ndipo akatengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, aliyoitoa mwaka 1937. Waitaliano walipofika kwa mara ya kwanza kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, mwaka 1954, walikuwa wamevaa soli hizo. Ni soli nzuri, nazisifu. Lakini alama si lazima, na nyingine ni za kubandika tu. Wewe tazama meno yenyewe: yawe na kina cha milimita 4 au 5, yaachane vya kutosha matope yadondoke, na kisiginoni kuwe na ngazi iliyosimama wima, ile inayouma udongo unaposhuka. Soli ambayo kisigino kimeviringwa kama cha raba ya mchezo itakupeleka kwenye makalio.

*

Mzee shikamoo. Ngozi ya mabuti yangu imekauka. Nyumbani tuna mafuta ya alizeti na grisi ya pikipiki, nipake ipi?
Dereva bodaboda, Vwawa

Marahaba mwanangu. Usipake hata moja. Mafuta ya kupikia huchacha ndani ya ngozi, yananuka, na panya watakuja kuyala mabuti usiku. Grisi hulegeza ngozi na kula gundi. Nunua nta ya nyuki. Ya Chunya inapatikana na si ghali. Kipande cha ukubwa wa nusu ya kiberiti kinatosha jozi nzima.

Safisha buti, liache likiwa na unyevu kidogo sana. Sugua nta kati ya viganja mpaka ilainike, kisha paka kwa kidole, polepole, ukiisukumia kwenye mishono, kwenye mkunjo wa ulimi na pale ngozi inapokutana na soli. Huko ndiko maji yanakoingilia. Acha usiku mmoja, asubuhi futa iliyobaki kwa kitambaa. Ngozi ya manyoya mafupi kama mahameli usiipake nta, itageuka rangi na kulala. Hiyo ni brashi kavu tu. Na kwa ngozi ya kawaida usizidishe, mara moja kila baada ya miezi miwili ya kuvaa inatosha. Ukiipaka kila wiki inalegea mpaka haishiki kifundo.

Ukimaliza usiyafungie kwenye mfuko wa plastiki. Yaweke juu ya kabati penye hewa, na angalau mara moja kwa wiki yavae uende nayo kijiweni.